Goti Gani Hutangulia

Nyie mnaoanza kazi hii ya kutafsiri, nawaonea wivu kwa sababu mna simu, na nawaonea huruma kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nilianza na kamusi moja ya Kijerumani iliyochakaa, haina jalada, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa. Herufi Z yote ilikuwa imekwenda. Kwa miaka mingi niliishi nikijua neno moja tu la Kijerumani linaloanza na Z, na hilo nililiokota zizini, Bruda Anselm alipokuwa akinieleza namna ya kupata mbuzi wazuri kwa kuchagua dume. Neno hilo lilinitia aibu kubwa, nitawaeleza.

Bruda Anselm alikuwa fundi seremala wa misheni hapa Mpanda, Mjerumani mwenye mikono kama majembe. Mimi nilitoka Kasansa nikiwa kijana, nikaja kwake kujifunza useremala. Sikuja kujifunza lugha. Lakini Bruda alikuwa na tabia yake: hakupi jina la kazi kabla hujaifanya. Ukimwuliza, "Bruda, hili kwa Kijerumani mnasemaje?" anakusukumia kifaa mkononi. Ukishatoka jasho, ndipo anakunong'oneza neno, kama mtu anayelipa.

Siku moja nilimkuta na kitabu cha Kiingereza cha mashine. Kila ukurasa ulikuwa na neno "turn". Geuza ubao, turn. Zungusha ufunguo, turn. Kereza mguu wa meza kwenye mashine mpaka uwe mviringo, turn vilevile. Bruda alicheka mpaka ndevu zikatikisika.

"Waingereza ni watu wa haraka," akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Wametengeneza neno moja, wakalituma kazi za watu kumi. Sisi tuna mtu kwa kila kazi. Na nyie pia mna kukereza, mna kugeuza, mna kuzungusha. Kwa hiyo wewe usitoke Kiingereza moja kwa moja kwenda kwetu. Pitia kwenu kwanza."

Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa, na sijapata lililolizidi. Unapokutana na kitenzi cha Kiingereza chenye kazi nyingi, usikimbilie kamusi. Pitia nyumbani. Kiulize Kiswahili, kiulize Kipimbwe au Kifipa au lugha yoyote uliyonyonya: hapa mtu anafanya nini hasa? Kwa kiungo gani? Akimaliza, kitu kimebaki katika hali gani? Bruda alikuwa akisema kitenzi kina mikono, na ukishaiona mikono yake, neno la Kijerumani linakuja lenyewe kama kuku jioni.

Bruda alipozeeka, barua na wageni wakaniangukia mimi. Marafiki wa misheni kule Ujerumani walikuwa wazee wa kijijini, Kiingereza hawakukijua, na huku kwetu kila mwenye elimu aliandika kwa Kiingereza ili aonekane ameandika. Nikawekewa meza kwenye kituo kidogo cha matibabu jirani na soko la Kashaulili, kati ya chumba cha sindano na chumba cha mazoezi. Hapo nilikaa mpaka nywele zikageuka rangi. Kelele za wauza dagaa zilipita dirishani, harufu ya dawa ikapita mlangoni, na mimi katikati nikipima maneno kama muuza nyanya anayepanga mafungu yake.

Sasa lile neno la zizini. Walikuja wageni, na mwenyekiti wa akina mama akaandika hotuba ya Kiingereza nzuri kabisa. Alisema wao wanalea watoto, wanafuga mbuzi, na wamepandisha paa la jengo lao. Kwa Kiingereza yote matatu ni "raise". Mimi nilikuwa kijana, nimevaa tai ya kuazima, nimesimama mbele ya watu. Nikalishika neno langu moja la Z, züchten, lile la kuchagua dume, nikaligawa sawasawa kwa wote: mbuzi, watoto, na paa. Wageni wakatazamana. Bibi mmoja mwenye kofia ya majani akainua kidole, akauliza kwa adabu sana kama akina baba wa Mpanda huchaguliwa kwa upana wa kifua au kwa meno.

Nikamtafsiria mwenyekiti swali kama lilivyo. Mwenyekiti, mama wa Kikonongo asiyeshindwa na jambo, akajibu, "Mwambie tungechagua kwa meno, huyu anayetafsiri angekufa bila mke."

Nililitafsiri hilo pia. Kazi ni kazi.

Nimewachekesha ili mnisikilize, maana ninalotaka kuwaachia ni habari ya Konsolata. Ilikuwa karatasi yangu ya mwisho. Nilikuwa nimeshaaga, meza imeshapewa mtu mwingine aiwekee kompyuta, nikaitwa tena kwa karatasi moja tu.

Konsolata ni binti wa Katumba. Wazazi wake ni watu waliotoka Burundi wakalima tumbaku na mahindi pale mpaka udongo ukawajua majina. Aliolewa Kasansa, kijijini kwangu, katika mji wa Mzee Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe na mwenye sauti. Pikipiki iliyokuwa imembeba ilianguka barabarani, na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Baada ya hospitali hakurudi Kasansa. Alibaki kwa mama yake Katumba na mtoto mdogo. Mtoto mkubwa, Shija, alikuwa Kasansa kwa babu yake, anasoma. Mume alikuja kwa basi kila alipopata nafasi, akakaa, akaondoka peke yake.

Kituo chetu kilikuwa na rafiki, Bwana Ulrich, fundi wa miguu ya bandia, mstaafu kama mimi. Huja mara moja kwa mwaka, anapima, anachukua sura ya kigutu kwa plasta, anarudi kwao kutengeneza, kisha anakuja tena kuvisha. Safari hiyo alikuwa ameshaondoka na plasta ya Konsolata, akaacha swali moja. Kule kwenye karakana yake alikuwa na magoti ya aina mbili. Moja linajifunga likanyooka kama mti: unatembea nalo shambani bila wasiwasi, na unalifungua kwa mkono pale tu unapotaka kuketi. La pili ni la kukunja. Linakunjika mpaka kisigino kinakaribia paja, lakini usipolijua vizuri linakutoka ghafla, unajikuta chini. Swali lilikuwa: dada huyu anahitaji kufanya nini na mguu wake?

Jofrey, daktari wetu wa mazoezi, alimhoji Konsolata akaandika jibu kwa Kiingereza. Sentensi moja. Ilisema mgonjwa lazima aweze ku-"bend".

Nilimfuata Jofrey chumbani kwake, amemlaza mzee mmoja anamnyoosha bega.

"Jofrey, huyu dada a-bend nini?"

"Bend tu, mzee wangu. Apinde."

"Apinde waya?"

"Mzee, usinianze asubuhi." Akaendelea kunyoosha bega. "Apinde, ainame, ashuke chini. Mgonjwa mwenyewe ndiye kasema. Mimi nimefupisha. Mjerumani ataelewa."

Mzee wa bega akasema kutoka kitandani, "Mwulize na mimi kama ataelewa huyu ananipinda nini."

Nikarudi mezani. Mjukuu wangu alikuwa ameniwekea ile programu ya kutafsiri kwenye simu, nikaona niijaribu kwa heshima. Ikanipa neno biegen. Ni Kijerumani safi, ndilo Bruda aliloninong'oneza siku tulipokuwa tukipinda vyuma vya dirisha. Simu haikukosea. Ililetewa swali lisilo na mikono.

Tazameni hesabu yenyewe. Kuinama kiunoni, kama mwenye kupalilia, Kijerumani kina neno lake. Kukunja goti kuna lake. Kuchuchumaa kuna lake. Kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa kuna lake, na kupiga magoti kuna lake, mbali kabisa na hayo. Nikiandika kuinama, Bwana Ulrich atachagua goti la kufunga, kwa sababu mtu anaweza kuinama kiunoni mguu umenyooka kama mchi. Na mguu huo ungekuwa mzuri, wa salama, na Konsolata angelima nao tumbaku mpaka uzee. Nikiandika kupiga magoti, atachagua la kukunja, lile linaloweza kumtupa mtu. Neno langu lingekuwa goti la mtu. Sijawahi kuogopa karatasi kama niliyoiogopa ile.

Jioni nikamweleza mke wangu. Mama Neema alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na hajaacha. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele.

"Huyo binti ameolewa kwa Masanja," akasema. "Kwa Masanja hakuna mkamwana anayesalimia amesimama. Anataka kupiga magoti. Andika, ulale."

"Nimeshafikiri hivyo. Lakini Ulrich ataniuliza, anapigaje?"

"Anapigaje?" Akaacha mchele. "Baba Neema, wewe umepigiwa magoti tangu ukiwa kijana Kasansa. Dada zako, wadogo zako, mimi mwenyewe mwaka ule wa kwanza nilipokuwa bado nakuogopa. Goti gani hutangulia?"

Nikafikiri. "Yote mawili."

"Anayeshuka na yote mawili kwa pamoja huyo ameanguka, hajasalimia."

"La kushoto, basi."

"Unabahatisha kama watoto wangu wa darasa la tatu."

"Nionyeshe."

"Kwa magoti haya? Nenda Katumba ukamwulize mwenyewe." Akarudi kwenye mchele wake, na nikaona mabega yanacheza kwa kicheko.

Alikuwa amenishika. Maisha yangu yote wanawake walishuka mbele yangu na maji ya kunawa, na uji, na salamu, nami nilitazama bakuli. Nilijua maneno yake katika lugha kadhaa. Tendo lenyewe sikulijua.

Asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Katumba. Nilimkuta Konsolata kwenye mkeka, anapukuchua mahindi, magongo yake yameegemezwa ukutani. Mama yake akanikaribisha, "Karibu sana muzee," akaniletea kigoda. Nikajieleza, nikataja swali la Bwana Ulrich na ile sentensi ya Jofrey. Konsolata alisikiliza huku vidole vikiendelea na muhindi.

"Mimi sikumwambia kuinama," akasema. "Nilimwambia nataka kurudi kwangu."

"Na kurudi kwako ni kupiga magoti?"

"Ni kumsalimia baba mkwe. Baba Shija anakuja hapa kila mara, ananiambia mzee amesema nirudi tu, hata nisalimie nimeketi kwenye kiti. Mzee ni mwema." Akatupa gunzi pembeni. "Lakini ruhusa ni yake. Mwili ni wangu. Niingie mjini kwake nimesimama juu yake kama nguzo ya umeme, yeye amekaa chini ananitazama? Siendi. Shija atakuja likizo, atanikuta hapa."

Nilimwomba anionyeshe anavyoshuka, kwa kushikilia magongo, hata nusu. Akanitazama kwa mara ya kwanza usoni.

"Babu, magoti hayapigwi hewani. Yanapigwa kwa mtu."

"Na mimi si mtu?"

"Wewe ni mtu, ila si baba mkwe wangu. Nikikupigia wewe kwa majaribio, yeye nitampelekea nini?"

Mama yake ndiye aliyeinuka. Akaingia ndani akatoka na sinia, juu yake bakuli la maji limejaa mpaka ukingoni. "Nitashuka mimi," akamwambia binti yake. "Wewe sema tu wanavyofanya huko kwenu."

Basi nikawa Mzee Masanja. Nilikaa kwenye kigoda nikakunja uso. Mama akaja, akaanza kushuka, na binti yake akaanza kumkosoa kutoka kwenye mkeka.

"Hapana, mama, hivyo ni vya hapa Katumba. Huko sinia inakaa mikono yote miwili. Usiweke mkono chini. Goti la kulia kwanza, la kushoto linafuata. Macho chini. Sasa msalimie."

"Mwangaluka, baba," akasema mama kwa lafudhi ya Kirundi, akajizuia kucheka.

"Mwangaluka," nikajibu. "Habari za nyumbani? Nzuri? Haya, asante."

"Babu, unamaliza haraka," Konsolata akasema. "Yeye hamalizi hivyo. Anauliza watu, anauliza mvua, anauliza mahindi, anauliza mpaka kuku. Na wewe uko chini na bakuli, hakuna kutingishika. Muulize."

Nikauliza watu. Nikauliza mvua. Nikafika kwenye kuku, na nikaona jasho kwenye paji la uso wa yule mama, na maji ya bakuli yanatetemeka kama yanasikia baridi. Nikampa ruhusa ainuke. Hakuinuka. Alijaribu, akarudi chini, akajaribu tena, kisha akaanza kucheka mpaka maji yakamwagika yote kwenye gauni.

"Sasa nani ananiinua?" akauliza. "Muzee, mimi nimebaki huku."

Nilimshika mkono, tukacheka sote wawili. Konsolata hakucheka.

"Hapo ndipo," akasema taratibu. "Kushuka, hata gunia hushuka."

Nilirudi Mpanda na maneno hayo kifuani. Niliketi mezani nikamwandikia Bwana Ulrich, na sikutafsiri "bend". Niliandika tendo zima, mwanzo hadi mwisho, kama fundi anavyomweleza fundi. Nikaandika kwamba mwanamke anakuja na sinia mikononi, hivyo hana mkono wa kujishikiza. Anatanguliza goti la kulia, na ndilo litakalokuwa la bandia. Anabaki chini muda mrefu kwa sababu salamu ya huko ni ndefu na kuikatisha ni utovu wa adabu. Kisha, nikapigia mstari, anainuka, mikono bado imejaa. Halafu nikajisomea kwa sauti kwa Kijerumani, nikajisomea tena kwa Kipimbwe, kuona kama aliyefika chini kwa lugha moja anainuka kwa lugha nyingine. Fanyeni hivyo kila mara. Majirani watawaona mmechanganyikiwa, waacheni.

Jibu lilikuja kwa video. Karakana ya Bwana Ulrich, mwanga wa dirisha la baridi, na yeye mwenyewe na aproni yake na upara wake, amekunja mguu wake mzima nyuma, akafungia goti la bandia mbele yake kwa mikanda. Mikononi amebeba sinia ya kahawa. Akashuka polepole mbele ya pipa la takataka, akaliambia kitu kwa heshima, akakaa hapo, akajaribu kuinuka. Kahawa ikaenda kulia, yeye akaenda kushoto. Sauti ya mke wake ikasikika kutoka nyuma ya simu ikisema jambo ambalo sitawatafsiria.

Chini ya video aliandika kwamba sasa ameelewa. Goti ni la kukunja. Lakini akaniomba nimwambie Konsolata ukweli wote: goti hili halimbebi mtu, mtu ndiye hulibeba. Litamtupa asipojifunza. Lile la kufunga lisingemtupa kamwe. Achague mwenyewe.

Nilimpigia simu nikamsomea taratibu, bila kupamba. Nikasikia kuku wa Katumba.

"Kuanguka nimeshazoea, babu," akasema. "Kusimama juu ya mkwe ndiyo sijazoea."

Miezi iliyofuata sikuwa mtu wa amani. Mtu akichagua mwenyewe, bado wewe ndiye uliyempelekea maneno ya kuchagulia. Bwana Ulrich alirudi mvua zilipokatika, na mguu ndani ya sanduku refu kama la tarumbeta. Wiki za mazoezi nilikaa mlangoni mwa chumba cha Jofrey nikitafsiri. Konsolata alianguka. Alianguka mbele, akaanguka upande, mara moja akamwangukia Jofrey wakaenda chini wote.

"Mzee," Jofrey akaniambia kutoka sakafuni, "ile karatasi yangu ilikuwa fupi mno."

Ilifika siku nikagundua hakuna anayenihitaji. Bwana Ulrich alionyesha kwa mkono, Konsolata akajibu kwa kidevu, Jofrey akasema "hapo hapo" kwa lugha zote. Nilikaa nikanywa chai. Ni raha kubwa, nyie vijana, mtafsiri kukaa bila kazi kati ya watu wanaoelewana.

Lakini kwenye chumba cha mazoezi alishuka na sinia tupu. Sinia yenye kitu, mbele ya mtu wa kusalimiwa, alikataa kuijaribu. Mlisikia kwa nini.

Siku ya kurudi nilikuwepo Kasansa. Nilisema nimekwenda kumwona dada yangu, na dada yangu akajifanya ameamini. Mzee Masanja alikuwa ameketi uani kwenye kiti chake cha ngozi, ng'ombe wameshatoka, vumbi lao bado limening'inia penye jua. Watu wa mji walikuwa wametawanyika wakifanya kazi ambazo hazikuwa kazi: mmoja anafagia palipofagiwa, mwingine anakaza kamba isiyolegea. Mtoto mkubwa, Shija, alisimama nyuma ya babu yake, ameshika kiti.

Konsolata akatoka jikoni. Kanga mpya, sinia mikononi, na juu ya sinia kibuyu kipana cha maziwa ya mgando. Alitembea polepole kwenye udongo ulio na mashimo ya kwato. Nilitaka kufumba macho, nikakumbuka kwamba niliishi hivyo hivyo, nikitazama bakuli. Safari hii nikatazama magoti.

Alisimama. Akapeleka mguu wa kulia nyuma. La kulia likashuka, likagusa ardhi kwa mlio mdogo wa plastiki. La kushoto likafuata. Maziwa yakaenda ukingoni, yakarudi.

"Mwangaluka, baba."

Mzee Masanja angeweza kusema inuka, mwanangu, imetosha. Kila mtu uani pale alikuwa anamwomba kimoyomoyo aseme hivyo. Mimi ndiye niliyeomba zaidi. Mzee akakohoa, akajiweka sawa kitini.

"Mwangaluka," akasema. "Mmeamkaje huko Katumba?"

Akauliza mama yake. Akauliza majirani wa mama yake. Akauliza mvua ilinyeshaje, mahindi yalizaaje, tumbaku ilikaukaje. Konsolata akajibu kila moja, macho chini, sauti haitetemeki, na mikono nayo haitetemeki. Nikaona mshipa wa shingo umesimama. Nikaona pia, polepole, kwamba mzee hakuwa anamtesa. Alikuwa anamrudishia salamu yake nzima, hakumpunguzia hata neno.

"Na kuku?" akauliza.

"Kuku wazima, baba."

"Haya. Lete maziwa."

Konsolata akakaza mguu wa kushoto mbele. Uani pale hata ufagio ulinyamaza. Akaegemea mbele kidogo, kama alivyokuwa akifundishwa, likapita tetemeko moja kutoka kiunoni hadi kwenye kibuyu, tone la maziwa likaruka likaangukia kiatu cha mzee. Kisha akainuka, mpaka juu, na mikono imejaa.

Mzee Masanja akatazama kiatu chake. "Nimenyeshewa," akasema, na mji mzima ukacheka kicheko kilichokuwa kimesubiri tangu pikipiki ile. Shija akaacha kiti cha babu yake akaenda kushika kanga ya mama yake. Roho yangu ilitulia, nikaketi juu ya kinu cha watu.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia Bwana Ulrich. Nilikuwa nimemwandikia kurasa nzima juu ya kushuka, lakini siku hiyo neno moja lilitosha. Aufgestanden. Ameinuka.

Nilifika nyumbani jua linazama. Mama Neema alikuwa ameshaweka maji ya kunawa. Hakuuliza kama nimechoka, wala kama nimekula.

"Goti gani lilitangulia?"

"La kulia," nikamwambia. "Na la kushoto ndilo lililomwinua."

Akaitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia mwanafunzi aliyechelewa lakini amefika.

"Haya. Nawa mikono, ule."